Kisu cha Kufyatuka: Kilivyotoka Vitani, Kikaingia Kwenye Muvi, Kikaleta Sheria Zinazowakamata Watu Mpaka Leo

Kuna muvi moja ya mwaka 1957 inaitwa 12 Angry Men. Karibu yote imechezwa ndani ya chumba kimoja. Wanaume 12 wamefungiwa humo, joto kali, jasho linawatoka, waamue kama dogo mmoja wa uswazi ya New York amemuua baba yake au la. Wakisema ndiyo, dogo anakwenda kwenye kiti cha umeme. Karibu picha nzima hakuna anayetajwa jina, wanatambulika kwa namba tu.

Ushahidi mkubwa ni kisu cha kufyatuka, kile cha kubonyeza kitufe bapa likaruka nje lenyewe. Mwenye duka alisema hajawahi kuona kingine kama kile. Sasa namba 8 anaingiza mkono mfukoni, anatoa kisu pacha, anakikita kwenye meza. Chumba kimya! Kumbe alikinunua kwenye duka la rehani karibu na nyumbani kwa dogo, kwa dola 6 tu. Mwenzake anamkumbusha kwamba kununua na kuuza visu hivyo ni kosa. Jamaa wala hapepesi macho, anakubali kwamba kweli kavunja sheria.

Halafu stori inaendelea. Hakuna anayeita polisi.

Ni kweli dogo alishtakiwa kwa mauaji na si kwa kumiliki kisu. Lakini kipande hicho kifupi kimebeba historia nzima ya hiki kifaa: kisu kilekile, sheria ileile, ila uzito wake unategemea kiko mfukoni mwa nani.

KILIANZA KAMA CHOMBO CHA KAZI

Wengi wanadhani kisu hiki kilizaliwa kwa ajili ya wahuni. Hapana. Marekani kilipata hataza mwaka 1892, na kwa miaka mingi kiliuzwa waziwazi madukani kama vifaa vingine vya kazi. Faida yake ni moja: unakifungua kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umeshika kamba, mbao au mnyama.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, askari wa miavuli wa Marekani wakapewa chao. Sababu ilikuwa ya uhai kabisa. Ukinasa kwenye mti huku kamba za mwavuli zimekuzunguka, na mkono mmoja haufanyi kazi, kisu cha kukunjua kwa kucha hakikusaidii kitu.

Vita ilipoisha, wanajeshi waliopita Italia wakarudi na zawadi mifukoni: visu vyembamba, virefu, vinavyong'aa, vingi vikiwa kazi ya mafundi wa Maniago, mji wa wahunzi kaskazini mwa nchi hiyo. Kwa mzee aliyetoka vitani ilikuwa kumbukumbu. Kwa kijana wa mtaani ilikuwa noma sana.

1950: HOFU INAINGIA MJINI

Novemba 1950, jarida la akina mama la Marekani, Woman's Home Companion, likachapa makala yenye kichwa kilichokiita kisu hiki kitu cha kuchezea kinachoua. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Wazazi wakaanza kupekua mifuko ya watoto wao, na wanasiasa wakaona ajenda imejileta yenyewe.

Mwaka 1954 jimbo la New York likapiga marufuku. Mwaka uliofuata Hollywood ikatia petroli kwenye moto: Rebel Without a Cause ikaonyesha vijana wakipigana kwa visu hivi, na Blackboard Jungle ikakipeleka mpaka darasani. Mwaka 1957 West Side Story ikakipandisha jukwaani Broadway. Ikafika mahali mtazamaji akisikia ule mlio wa "chwaa" anajua tayari nani mbaya. Mara nyingi huyo mbaya alikuwa kijana maskini, na mara nyingi mtoto wa wahamiaji.

Tarehe 12 Agosti 1958 rais wa Marekani akasaini sheria ya taifa zima. Ilikataza kuingiza visu hivi kutoka nje na kuvisafirisha kibiashara kutoka jimbo moja kwenda jingine. Adhabu: faini mpaka dola 2,000, jela mpaka miaka 5, au vyote viwili.

Sasa cheki hapa. Sheria hiyo haikukataza kila Mmarekani kumiliki kisu hicho. Suala la kumiliki na kubeba liliachiwa majimbo, na kila jimbo likaenda na njia yake. Iliacha pia milango midogo: jeshi liliruhusiwa, na mtu mwenye mkono mmoja aliruhusiwa kutembea nacho kama bapa halizidi inchi 3. Yaani hata waliokipiga marufuku walijua kwamba ni chombo cha kazi.

UINGEREZA NAYO IKAFUATA

Mwaka 1959 Uingereza ikapiga marufuku kutengeneza, kuuza, kukodisha, kuazimisha na hata kumpa mtu zawadi ya kisu cha kufyatuka. Lakini aliyekuwa nacho ndani ya droo yake aliachwa. Ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka 60.

Kisha ikaja sheria mpya ya mwaka 2019, na kuanzia tarehe 14 Julai 2021 England na Wales, hata kukiweka nyumbani ni kosa. Kile alichoacha babu kwenye sanduku, kikiwa halali kabisa siku anakiweka, kikageuka kosa kikiwa kimelala palepale. Sheria hiyo ilipanua na maana yenyewe: sasa inagusa hata visu vya nusu msaada, vile unavyovisukuma kidogo kwa kidole halafu springi inamalizia kazi.

Marekani ilikwenda upande wa pili. Mwaka 2009 Bunge lao liliviondoa visu hivyo vya nusu msaada kwenye sheria ya 1958. Kisu kimoja, mfuko mmoja, lakini ukishuka ndege London uko kwenye kesi ambayo huko ulikotoka ilishafutwa.

MAFUNDI WA NEW YORK

Kisa kinachouma zaidi ni cha New York. Mbali na kisu cha kitufe, jimbo hilo lilipiga marufuku pia kisu kinachofunguka kwa uzito wake au kwa kutikiswa kiganja. Kwenye karatasi ilisomeka vizuri tu. Mtaani ikawa balaa.

Polisi akimkuta mtu na kisu cha kawaida cha kukunja, anakishika na kukitikisa kwa nguvu. Kikifunguka na kujifunga wazi, tayari una silaha haramu. Kisipofunguka mara ya kwanza, anaweza kujaribu tena. Waliodakwa walikuwa mafundi umeme, maseremala, wabeba mizigo, watu wa jukwaani kwenye kumbi za maonyesho. Wengi walikuwa Weusi na Walatino. Visu vyenyewe walivinunua kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, tena na risiti juu.

Mwaka 2010 maduka kadhaa makubwa yalikubaliana na mwendesha mashtaka wa Manhattan: yakalipa fedha, yakaacha kuuza visu hivyo, na hayakushtakiwa. Aliyeuza akarudi kwenye biashara yake. Aliyenunua alikuwa hatarini kufungwa mpaka mwaka mmoja, na kama alishawahi kutiwa hatiani huko nyuma, kosa lilipanda hadi miaka 7. Kwa ajili ya kisu cha kukatia zulia!

Wabunge wa jimbo walipitisha mabadiliko mara mbili, gavana akayakataa mara zote mbili. Machi 2019 jaji wa shirikisho akasema sheria ile haieleweki kiasi cha kuvunja katiba. Mei mwaka huohuo gavana akasaini, marufuku ya kisu cha kutikisa ikafutwa. Cha kitufe kikabaki marufuku.

LEO IKOJE?

Upepo Marekani umegeuka. Texas iliruhusu visu vya kufyatuka mwaka 2013. Pennsylvania ikafuata mwanzoni mwa 2023. Tarehe 27 Agosti 2024 mahakama ya juu ya Massachusetts ilitupa marufuku ya jimbo hilo iliyokuwepo tangu 1957, ikisema inagongana na haki ya kikatiba ya kumiliki silaha. California bado wanapima kwa rula: bapa likifika inchi 2, huruhusiwi kutembea nacho hadharani.

Ndiyo maana video fupi ya jamaa anabonyeza kisu mbele ya kamera, na bei imeandikwa pembeni, ni mtego. Inaonyesha mlio na mng'ao. Haikuambii jamaa anaishi jimbo gani.

Kwa hiyo kabla hujalipia, mdau, maswali ni haya:

1. Je, unaruhusiwa kukimiliki hapo unapoishi? Usisome sheria ya nchi ya muuzaji. Soma ya kwako.
2. Je, unaruhusiwa kukibeba? Kumiliki ni jambo moja, kutembea nacho ni jingine, na miji mingine ina sheria yake juu ya ile ya jimbo.
3. Kitafikaje? Marekani posta haipokei visu hivi ila kwa wachache kama jeshi, na forodha wana mamlaka yao. Ukiagiza kutoka Dar au Nairobi, waulize forodha na polisi kabla ya kutuma hela. Mzigo ukishakwama bandarini umechelewa.
4. Kinafungukaje? Kitufe, uzito, au nusu msaada? Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha zawadi na kesi.
5. Unasafiri? Kilicho halali Houston kinaweza kukulaza ndani London.

Na neno la dukani la "kinaruhusiwa kote" lisikupe usingizi. Mafundi wa New York nao waliuziwa dukani, mchana kweupe.

Turudi kwenye kile chumba cha mwaka 1957. Mwisho wa siku, kilichompa dogo nafasi ni mtu mmoja kukubali kukiangalia kile kisu vizuri, kabla ya kuangalia uso wa aliyeshtakiwa. Na aliyeeleza kinavyoshikwa ni namba 5, mwanaume aliyekulia uswazi kama dogo mwenyewe. Alijua mtu aliyezoea kisu kile huchoma kutoka chini kwenda juu. Jeraha la marehemu lilitoka juu kwenda chini.

Sheria nyingi za kisu hiki zilitungwa na watu wasiowahi kuishi jirani na namba 5. Ungekuwa humo chumbani, kura yako ingeenda wapi?