Nakala Ibaki Mlimani: Uluguru katika Hifadhi ya Maarifa ya Dunia Kabla ya Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inajadili namna maarifa ya Milima ya Uluguru yalivyoingia katika hifadhi za dunia zilizojengwa kwa karatasi, kadi na posta kabla ya kuwapo kompyuta. Inatazama kwa pamoja mradi wa Mundaneum wa Brussels, mtandao wa hebaria (hifadhi za mimea iliyokaushwa) uliokusanya mimea ya Afrika Mashariki, na urithi wa majina katika koo za Waluguru. Hoja kuu ni kwamba uhai wa hifadhi hizo ulitegemea nakala, na kwamba kasoro yake kubwa ilikuwa kutoacha nakala mahali maarifa yalikotoka.

Utangulizi

Ukisimama Morogoro mjini na kutazama juu, unaona kilele cha Lupanga, chenye urefu wa mita 2,138. Kusini zaidi kipo Kimhandu, kinachozidi mita 2,600. Mto Ruvu unapata maji yake katika milima hii, na maji hayo ndiyo yanayonywewa na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kwamba Uluguru inashusha maji, kila mtu anajua. Wachache wanajua kwamba kwa zaidi ya karne moja milima hii imeshusha pia karatasi: majani makavu, ngozi za ndege na madaftari ya wasafiri, vyote vikielekea Berlin, London na Marekani. Maji yanayoshuka hurudi kama mvua. Swali la makala hii ni kama karatasi nazo zilirudi.

Ndoto ya kadi

Mwaka 1895, Wabelgiji wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walianza kazi ya kuorodhesha kila kitu kilichowahi kuandikwa duniani, ambayo ndiyo iliyozaa Mundaneum. Chombo chao kilikuwa kadi ndogo za karatasi; kila moja ilipewa namba kufuatana na mada yake na kupangwa ndani ya droo za mbao. Kufikia miaka ya 1930 kadi zilikuwa zimezidi milioni 12. Maswali yalifika kwa barua na simu ya maandishi. Watumishi walizitafuta kadi, wakazinakili na kutuma majibu. Mwaka 1906 Otlet na Robert Goldschmidt walipendekeza kurasa za vitabu zipunguzwe kwa picha ndogo sana ili maktaba nzima iweze kusafirishwa. Mwaka 1934 Otlet aliandika juu ya meza ambayo msomaji angekaa mbele yake, akaomba kitabu kwa simu na kukisoma kwenye kioo kutoka mbali.

Mwaka huohuo serikali ya Ubelgiji iliufungia mradi vyumba vyake, na mwaka 1940 jeshi la Ujerumani lililoikalia nchi hiyo likaviondoa vifaa na kuharibu sehemu yake. Masalia yake yamehifadhiwa leo katika mji wa Mons. Wanahistoria hupenda kuuliza dunia ingekuwaje kama mradi ule ungefaulu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki lipo swali linalotangulia hilo: je, kadi hizo zingebeba maarifa ya nani, na mkulima wa Mgeta, huko Uluguru, angezifikiaje? Hatuna haja ya kubuni jibu, kwa sababu ipo hifadhi ya aina hiyohiyo iliyofaulu, na Uluguru imo ndani yake.

Hebaria: hifadhi iliyofaulu

Franz Stuhlmann alikusanya mimea Uluguru mwaka 1894, na Walter Goetze akafuata mwaka 1898. Sampuli zao zilipelekwa Berlin. Huko, mwaka 1900, Adolf Engler aliupa mmoja wa mimea hiyo jina Saintpaulia goetzeana. Ni ndugu wa yale maua madogo ya zambarau yanayooteshwa leo kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani.

Karatasi moja ya hebaria inastahili kutazamwa kwa karibu. Mkusanyaji hukata tawi lenye ua au tunda, akalilaza ndani ya gazeti, jani moja likionyesha uso wake wa juu na jingine uso wa chini, kisha akalibana kwa mikanda kati ya mbao mbili. Magazeti hubadilishwa mara kwa mara mpaka tawi likauke. Likishakauka hubandikwa au kushonwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni huwekwa lebo: mahali, mwinuko, tarehe, rangi ya ua lilipokuwa bichi, jina la mkusanyaji na namba yake. Namba hiyo ndiyo roho ya mfumo mzima. Mkusanyaji makini hukata matawi matatu au manne ya mmea uleule, huyapa yote namba moja na kuyatuma miji tofauti. Mtaalamu wa London akiitaja namba hiyo katika maandishi yake, mwenzake wa Nairobi hufungua kabati na kukuta mmea uleule. Hapakuhitajika umeme wala mtambo. Palihitajika posta na uaminifu.

Thamani ya utaratibu huu ilionekana siku ya msiba. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, mabomu ya vita yaliiunguza hebaria ya Berlin. Sehemu kubwa ya makusanyo iliteketea, vikiwamo vielelezo vingi vya mimea ya Afrika Mashariki ambavyo ndivyo vilivyokuwa msingi wa majina ya kisayansi. Mmea ambao nakala yake ilikuwa imepelekwa kwingine ulibaki na ushahidi wake. Mmea ambao haukuwa na nakala ulipoteza ushahidi huo, na wataalamu wakalazimika kuteua kielelezo kipya. Moto uliipima hifadhi kwa kipimo kimoja tu: je, ipo nyingine?

Upande usio na nakala

Hapa ndipo kasoro inapojitokeza. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na hebaria yake ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kitabu kikuu cha mimea yetu, Flora of Tropical East Africa, kilianza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 kikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Katika mgawanyo wake wa maeneo, Morogoro imo ndani ya eneo linalotajwa kwa herufi na tarakimu: T6. Arthur Loveridge alikusanya ndege Uluguru mwaka 1926 kwa ajili ya jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard. Mmojawapo, wa mgongo wa kijani na tumbo la manjano, alipewa mwaka uliofuata jina Malaconotus alius. Ndege huyo hapatikani popote duniani isipokuwa Uluguru, lakini aliyelipa jina hilo uzito ni yule wa Harvard, aliyekaushwa.

Si vitu pekee vilivyoondoka bila nakala. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta makubwa ya ngazi. Wakulima wa Mgeta walikuwa na ngazi zao wenyewe: magugu hupangwa kwa kukingama mteremko, kisha hufunikwa kwa udongo na kuoza humo. Maarifa hayo hayakupewa uzito katika maamuzi. Matuta ya serikali yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, na mwaka 1955 hasira ilipofika kilele huko Matombo, mpango ukaporomoka. Hifadhi inayokusanya sauti ya upande mmoja huzaa maamuzi ya upande mmoja, na gharama yake hulipwa shambani.

Nakala iliyo hai

Waluguru walikuwa na jibu lao kuhusu uhifadhi. Katika jamii hii inayofuata ukoo wa mama, jina la Kingalu wa Kinole, ambalo tangu zamani limehusishwa na mvua, hurithiwa pamoja na cheo. Anayerithi huwa Kingalu mwenyewe, na hukabidhiwa pia mambo ya ukoo, matambiko na mipaka. Kwa lugha ya makala hii, mrithi ni nakala iliyo hai, iliyoandaliwa kabla nakala ya kwanza haijaondoka. Utaratibu huu nao una udhaifu wake: nakala ni moja, na akikosekana mrithi aliyefundwa, moto wa Berlin hutokea bila bomu. Hata hivyo unalo jambo ambalo Brussels na Berlin hazikuwa nalo. Maarifa hubaki mahali yanapotumika, katika lugha ya wanaoyatumia.

Mapingamizi mawili

Wapo watakaosema kwamba picha za kompyuta zimekwisha maliza tatizo. Zimesaidia sana, na hakuna sababu ya kuzikataa. Lakini picha iliyomo kwenye tovuti ya nje humtaka mwanafunzi wa Mgeta awe na kifaa, bando na Kiingereza, nayo hutoweka ada isipolipwa. Pingamizi la pili ni kwamba unyevu na wadudu wa kwetu wataila karatasi. Historia inalijibu: hebaria ya Amani ilitunzwa karibu nusu karne katika milima yenye mvua nyingi kuliko Morogoro mjini.

Hitimisho

Morogoro haianzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo tangu mwaka 1984, na Maktaba ya Taifa ya Kilimo iliyomo ndani yake ilianzishwa kwa sheria mwaka 1991. Kinachohitajika ni kanuni moja iliyo wazi katika kila kibali cha utafiti: kila sampuli na kila ripoti inayotoka Uluguru iache nakala yake Morogoro, ikiwa na jina la Kiluguru na la Kiswahili kando ya la Kilatini, pamoja na jina la mwenyeji aliyeonyesha njia, akiridhia. Na waliokwisha kuchukua waombwe nakala za walivyo navyo, karatasi kwa karatasi. Wanaotoa vibali waliandike sharti hilo sasa, wakati wazee wanaoyajua majina hayo bado wapo.