Umeme wa radi
Umeme wa radi ni mmiminiko wa ghafla wa chaji ya umeme ndani ya wingu, au baina ya wingu na ardhi. Asili yake ni mgongano wa chembe za barafu, ambapo zile nyepesi, zikiwa na chaji chanya, huinuliwa na upepo hadi kileleni mwa wingu, ilhali zile nzito, zenye chaji hasi, husalia chini. Huko Elburgon, mji wa mbao katika miinuko ya Mau, Kaunti ya Nakuru, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yenye unyevu ipandapo mitelemko ya milima aghalabu hufanya mawingu ya namna hiyo wakati wa alasiri.

Pigo moja hubeba mkondo wa takriban amperi 30,000 na nishati ya kadiri ya juli bilioni 1, yaani kilowati-saa 280, kiasi kilicho haba kuliko wengi wadhanivyo, na ambacho sehemu yake kubwa hupotea hewani kwa joto, nuru na sauti. Kuihifadhi nishati hiyo ni karibu na muhali, kwa kuwa betri haiwezi kuipokea kwa sehemu ndogo ya sekunde, kapasita ya kuistahimili ingelazimu kuwa kubwa mno, na mahali litakapoanguka pigo hapajulikani kabla.