Joseph Ling: Mhandisi aliyetaka taka zizuiwe kabla hazijazalishwa

Katika mji wa Maplewood, unaopakana na Saint Paul katika jimbo la Minnesota, Marekani, ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya 3M, inayotengeneza msasa, tepu za gundi na maelfu ya bidhaa nyingine. Ni katika kampuni hiyo ambako mwaka 1975 mhandisi mzaliwa wa China, Joseph Ling, alianzisha mpango ambao baadaye ulibadilisha namna serikali na viwanda vinavyofikiri kuhusu uchafuzi wa mazingira.

Ling alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1952, akajiunga na 3M mwaka 1960. Wakati huo kazi ya mtaalamu wa mazingira kiwandani ilianzia pale uzalishaji ulipokoma. Moshi ulifungiwa chujio, majitaka yakasafishwa, na mabaki yakatafutiwa shimo. Ling alihoji mantiki hiyo. Chujio hunasa sumu, lakini sumu hiyo hubaki kuwa taka ngumu ya kuzikwa mahali pengine, na vifaa vya kuinasa navyo hula nishati na malighafi. Uchafuzi kwa hiyo unakuwa umehamishwa tu, tena kwa gharama kubwa.

Mpango wake uliitwa Kuzuia Uchafuzi Kunalipa, maarufu kwa kifupi 3P. Uliwahimiza wafanyakazi kubuni njia za kupunguza uchafu kwenye chanzo chake, ama kwa kubadilisha viambato vya bidhaa, kurekebisha hatua za uzalishaji, kuunda upya mitambo, au kutumia tena mabaki. Kushiriki kulikuwa kwa hiari, na wazo lililokubaliwa lilipaswa pia kuokoa fedha.

Mfano unaotajwa mara nyingi unatoka katika kiwanda cha dawa cha kampuni hiyo huko California. Vidonge vilikuwa vikipakwa utando uliotayarishwa kwa kemikali zinazopaa hewani. Wataalamu wakatengeneza utando wa maji kwa gharama ya dola 60,000. Mabadiliko hayo yaliepusha ununuzi wa mitambo ya kudhibiti hewa chafu yenye thamani ya dola 180,000, yakapunguza gharama za kemikali kwa dola 15,000 kila mwaka, na kuzuia tani 24 za uchafuzi kwa mwaka.

Ling alistaafu mwaka 1984, lakini hoja yake iliendelea kusambaa. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria inayotamka kwamba kuzuia uchafuzi kwenye chanzo kutangulie njia nyingine zote. Mwaka mmoja kabla, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilikuwa limezindua mpango wa uzalishaji safi uliofuata mwelekeo huohuo. Vituo vya kitaifa vya kushauri viwanda vikafunguliwa Tanzania mwaka 1995, Kenya mwaka 2000 na Uganda mwaka 2001.

Kwa nchi za kanda hii suala hilo si geni. Katika zao la mkonge, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki kilikuwa kikitupwa, mara nyingi hadi mitoni. Huko Hale, mkoani Tanga, mwishoni mwa miaka ya 2000 mabaki hayo yalianza kutumiwa kuzalisha gesi na umeme.

Hata hivyo, sifa za 3P zina doa, nalo liko jirani kabisa na Maplewood. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya 3M ilitengeneza kemikali za jamii ya PFAS, ambazo karibu haziozi kabisa, na mabaki yake yalitupwa katika maeneo ya Oakdale, Woodbury na Cottage Grove. Utupaji huo ulitangulia mpango wa Ling, lakini utengenezaji wenyewe uliendelea miaka mingi baada yake. Mwaka 2004 kemikali hizo ziligunduliwa katika maji ya kunywa ya vitongoji hivyo. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 850 kumaliza kesi iliyofunguliwa na jimbo la Minnesota, na mwaka 2022 ikatangaza kuwa ingeacha kutengeneza PFAS ifikapo mwisho wa 2025.

Hapo ndipo udhaifu wa hesabu ya 3P unapoonekana. Mpango ulipima akiba ya mwaka wa kwanza wa kila mradi, kipimo cha tahadhari kinachostahili kusifiwa. Lakini ulitazama zaidi kile kilichohesabiwa kuwa taka. PFAS ilikuwa bidhaa yenye wanunuzi, na gharama yake ilikuja kujitokeza miongo kadhaa baadaye, visimani mwa watu ambao hawakuwahi kuingia kiwandani.