Maiolika: vyombo vya kale vya udongo vya Italia

Maiolika ni vyombo vya udongo vilivyofinyangwa na kuchorwa kwa mkono nchini Italia, juu ya utando mweupe wa kioo uliotiwa madini ya bati. Vilinawiri zaidi kati ya katikati ya karne ya 15 na mwisho wa karne ya 16, katika miji kama Faenza, Deruta, Gubbio, Urbino, Montelupo na Castel Durante, ambao tangu 1636 unaitwa Urbania. Leo vingi vimefungiwa kabatini kwenye makumbusho, lakini asili yake ni vyombo vya nyumbani: sahani, bakuli, majagi na mitungi ya dawa.

Ufundi wenyewe ulianzia Iraq. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa huko walitaka kuupata weupe wa kauri za China bila kuwa na udongo wake, wakagundua kwamba bati likichanganywa na kioo huficha rangi ya udongo wa kawaida. Vipande vya kazi yao vimefukuliwa hata Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Upande wa magharibi, maarifa hayo yalipita Afrika Kaskazini na Hispania ya Waislamu hadi Italia. Kabla Waitalia hawajaumudu ufundi huo, watu wa Pisa walikuwa wakinunua bakuli kutoka nchi za Waislamu na kuzipachika kwenye kuta za nje za makanisa yao. Aliyepata kuona bakuli za China kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi hatashangazwa na desturi hiyo.

Mengi tunayoyajua kuhusu karakana hizo tunayapata kwa Cipriano Piccolpasso wa Castel Durante, aliyeandika kitabu cha ufinyanzi mnamo 1557 na kukitia michoro yake mwenyewe. Chombo kilichomwa mara ya kwanza, kisha kikachovywa katika rojo la risasi na bati, mchanga, na mashapo ya mvinyo yaliyochomwa. Rojo likikauka hubaki unga mweupe unaofyonza rangi papo hapo. Hapo ndipo fundi alipojulikana, kwa maana mstari ukishachorwa haufutiki. Brashi zilitengenezwa kwa manyoya ya mbuzi na punda, na zile nyembamba kabisa kwa masharubu ya panya. Kobalti ilitoa buluu, shaba kijani, antimoni manjano, manganizi zambarau, na chuma rangi ya chungwa. Moto wa pili uliyeyusha vyote pamoja, na ndiyo sababu buluu ya sahani ya mwaka 1520 inang'aa hadi leo, ilhali picha nyingi za ukutani za zama hizo zimefifia.

Nyekundu iliwasumbua karibu wote. Gubbio ilijipatia sifa kupitia Maestro Giorgio Andreoli, aliyetoa mng'ao wa rangi ya yakuti kwa kuchoma chombo mara ya tatu katika moshi. Hasara ilikuwa kubwa: Piccolpasso anasema katika vyombo 100 vya namna hiyo, pengine sita tu ndivyo vilivyotoka vizuri.

Urbino ulipendelea visa vya Biblia na vya miungu ya Kirumi. Mwaka 1524 Eleonora Gonzaga, mke wa mtawala wa Urbino, alimwagizia mama yake, Isabella d'Este, seti ya vyombo vya mezani vya nyumba yake ya shamba. Mchoraji alikuwa Nicola da Urbino. Lakini kwa maoni yetu, vyombo vya watu wa kawaida zaidi vina uhai kuliko vile vya kifahari. Mtungi wa duka la dawa ulibanwa kiunoni ili mkono uushike vizuri ukiwa umepangwa rafuni, na ukingo wake ulitokeza nje ili kamba ya kifuniko isiteleze. Mzazi aliletewa chakula chake kitandani katika bakuli zilizochorwa wanawake na watoto wachanga. Sahani nyingi kubwa za Deruta zina matundu mawili kwenye kitako, yaliyotobolewa kabla ya kuchomwa: zilikusudiwa kutundikwa tangu mwanzo.

Katika karne ya 19 wakusanyaji walivigombea vyombo hivi tena, na karakana za Italia zikarudia mitindo ya zamani. Ile ya Ulisse Cantagalli mjini Florence ilitia alama ya jogoo, lakini si wote waliokuwa waaminifu hivyo.

Kwa hiyo mwenye kununua asitazame picha tu, akigeuze chombo. Atazame alama za vigingi vya tanuri, mistari ya gurudumu, na udongo wa kahawia hafifu panapomeguka. Akishakipata, akitundike au akiweke rafuni, wala asikilie chakula, hasa chenye ndimu au siki, kwa sababu utando wake una risasi.