Kitabu Kilichopotea: Mwanzo wa Uchoraji wa Kuba

Wanahistoria wengi huanzisha uchoraji wa Kuba mwaka 1818, wakati Jean-Baptiste Vermay, Mfaransa aliyefunzwa na David, alipofungua mjini Havana chuo kilichokuja kuitwa San Alejandro. Mwanzo huo unafaa kutiliwa shaka, kwani unapuuza mikono iliyoshika brashi kabla yake.

José Nicolás de la Escalera (1734-1804) alipamba makanisa kwa mtindo wa Kihispania uliomwelekea Murillo. Katika kanisa la Santa María del Rosario alimchora mtumwa mweusi pamoja na jamaa ya kabaila Casa Bayona. Mtumwa yumo, naam, lakini yumo kama kipengele cha masimulizi ya bwana wake. Vicente Escobar (1762-1834), mchoraji hodari wa sura za matajiri, alikuwa chotara. Inasemekana kuwa ubatizo wake uliandikwa katika kitabu cha watu weusi na machotara, na kifo chake katika kitabu cha wazungu. Rangi, kumbe, iliweza kuhaririwa.

Hata hivyo, anayestahili kuzingatiwa zaidi ni José Antonio Aponte, seremala na mchongaji mweusi aliyekuwa huru. Alitunga kitabu cha picha, nyingine akizichora mwenyewe, nyingine akizikata kutoka katika chapa na vipepeo na kuzibandika. Humo mlikuwa na wafalme wa Uhabeshi, miungu ya Kiyunani na Kirumi, na askari weusi wa Havana, akiwemo babu yake Joaquín, aliyepigana na Waingereza mwaka 1762. Mwaka 1812 Aponte alishtakiwa kuongoza uasi dhidi ya utumwa, akanyongwa tarehe 9 Aprili. Kitabu hakijaonekana tena. Kilichobaki ni kumbukumbu za mahojiano, ambamo alilazimishwa kueleza picha moja baada ya nyingine. Kwa hiyo kazi hii ya uchoraji husomwa leo kama matini, tena matini iliyotungwa mbele ya kitanzi: kila ufafanuzi ni uhakiki na utetezi kwa pamoja, na kalamu iliyouandika ni ya karani wa mahakama.

Miaka sita baadaye Vermay alifungua chuo chake. Sanaa ambazo kwa muda mrefu zilikuwa mikononi mwa mafundi weusi na machotara zikapewa kanuni za Paris, na mafundi hao wakafungiwa mlango.