Matuta ya Uluguru na mashine ya ofisini kwetu

Samahani kwa ukimya, msomaji wangu. Wiki mbili hizi nimekuwa na kazi ambayo sikuiomba. Mhariri aliniita akaniambia kwamba kuanzia mwezi ujao chumba chetu cha habari kitatumia akili mnemba: kuandika mahojiano yaliyorekodiwa, kufupisha ripoti, kusahihisha tahajia. "Wewe kijana unajua kompyuta," akasema, "tuandalie mpango." Kwa lugha ya kampuni za programu, nimefanywa meneja wa bidhaa. Kwa lugha ya ofisini, nimekuwa mtu wa kutazamwa kwa jicho baya wakati wa chai. Msahihishaji wetu, mzee aliyeanza kazi kabla sijazaliwa, aliniuliza: "Mwanangu, hiyo mashine inakuja kunisaidia au kunizika?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi nikapanda gari kwenda Mkuyuni.

Usicheke. Ukitoka Morogoro mjini ukapita Bigwa na Kiroka, milima ya Uluguru ikiwa kuliani kwako, unaingia nchi ya ndizi, machungwa na mafenesi. Mbele kidogo ni Matombo. Huko ndiko mwaka 1955 mpango mmoja mkubwa wa kuleta ufundi mpya ulikofia, na nilitaka kujua uliuawa na nini.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikuwa na hofu ya kweli. Miteremko ya Uluguru ni mikali, mvua ni nyingi, udongo ulikuwa unashuka. Maji ya milima hii huenda kwenye mto Ruvu, na kwa Ruvu wengi walio chini wanaishi. Hivyo mwaka 1950 ukaanza mpango wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru, na silaha yake kuu ilikuwa matuta ya ngazi: kuukata mlima vipande vipande mpaka ufanane na ngazi za ghorofa. Kuchimba kukawa lazima. Kuchoma moto shamba kukawekewa sheria. Asiyechimba alipelekwa barazani kupigwa faini.

Kwenye karatasi, mpango ulipendeza. Tatizo lilikuwa kwenye jembe.

Udongo wenye rutuba wa milima hii ni tabaka jembamba tu juu. Ukichimba ngazi pana, unaufukia huo na kuufunua ule mwekundu wa chini usioota kitu. Samadi ingesaidia, lakini Waluguru hawakuwa wafugaji wa ng'ombe. Kwa hiyo mtu alivunjika mgongo kuchimba, kisha akavuna kidogo kuliko jirani aliyekwepa. Na wachimbaji wengi walikuwa akina mama, ambao tayari walikuwa na kulima, kuni, maji na watoto. Bibi mmoja niliyemkuta anachambua maharage barazani alikuwa mtoto wakati huo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Nikamuuliza kuhusu matuta. Akacheka kwanza. Kisha akanionyesha viganja vyake, akasema si hivi, ni vya mama yake anavyovikumbuka.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani lilikuwa zito kuliko udongo. Ardhi ya Uluguru ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo unaohesabiwa kwa upande wa mama, na wengi walilima kwa kuazima ardhi ya ukoo wa wengine. Sasa wewe mwazimaji ukijenga kitu cha kudumu kwenye shamba la watu, kesho shamba ni la nani? Mwenye ardhi anaingiwa na wasiwasi, na mwazimaji naye anajiuliza anamjengea nani. Bwana shamba alileta jibu la mmomonyoko, swali hili hakulileta kabisa. Na amri zilipita kwa watawala wa kienyeji walioungwa mkono na serikali, katika nchi ambayo kila ukoo ulikuwa na mkuu wake. Ufundi mpya na uongozi mpya vikabebeshwa watu kwa mpigo mmoja.

Kazi nayo ilipimwa kwa urefu wa matuta yaliyochimbwa, si kwa debe la mahindi lililoingia ghalani. Meneja yeyote wa leo anayehesabu watu wangapi wamefungua programu, bila kuuliza imewafaa nini, namfananisha na bwana shamba huyo.

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakaitwa, risasi zikalia, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo kulazimishana kukakoma. TANU, iliyozaliwa mwaka mmoja tu kabla, ikakuta hasira tayari iko milimani. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu kizima kuhusu mkasa huu na siasa za ardhi za Waluguru.

Lakini ngoja, usikimbilie kusema Waluguru walikataa maendeleo. Upande wa pili wa mlima, Mgeta, matuta yalishika. Kule kuna maji ya kumwagilia na mboga za kuuza mjini, kwa hiyo jasho la kuchimba lilirudi kama fedha. Mlima mmoja, ufundi mmoja, majibu mawili.

Hata akili mnemba yenyewe imeshaonja shamba letu. Kuna programu ya simu iitwayo Nuru, ya PlantVillage na watafiti wa IITA, inayotambua magonjwa ya muhogo kwa kutazama jani. Ilipotoka kwenye picha za mafunzo ikaingia shambani, dalili hafifu ziliisumbua. Waliofanya majaribio waligundua kwamba ikionyeshwa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, inakosea kidogo. Hapo mashine ndiyo iliyobadilishiwa utaratibu, mkulima akaachwa na muhogo wake. Mabwana shamba wa 1950 walikuwa na miaka mitano ya kufanya vivyo hivyo.

Jumapili usiku nikaifuta sehemu ya mpango wangu iliyosema kila mwandishi atoe habari ngapi kwa siku. Jumatatu nikampelekea msahihishaji karatasi mbili: mahojiano ya bibi jinsi mashine ilivyoyaandika, na sauti yenyewe kwenye simu. Mzee akavaa miwani, akaweka simu sikioni. Mashine ilikuwa imeandika kwamba ardhi yote ya Uluguru ni ya mlokole.

Akalizungushia duara kwa kalamu nyekundu. "Hii mashine yenu," akasema, "ina mwalimu?" Nikamwambia bado. Akavuta kiti.