Athari za Kudumu za Michezo ya Utotoni kwa Afya

Athari za kudumu za michezo ya utotoni ni mabadiliko ya mwili na akili yanayotokana na michezo ambayo mtu aliicheza akiwa mtoto au kijana, na ambayo hubaki hata baada ya kuacha kucheza. Nyingi ni za heri. Chache ni majeraha yanayozeeka pamoja na mwenyewe. Mji wa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, una nafasi ya pekee katika elimu hii, kwa kuwa chuo kikuu chake kimebadilisha namna ya kutibu vijana walioumia kichwa michezoni.

Manufaa

Mifupa hujengeka kwa kasi kuu wakati wa kubalehe. Kwa wachezaji wa tenisi, mfupa wa mkono unaoshika raketi huwa mnene kuliko wa mkono wa pili, na tofauti hiyo ni kubwa zaidi kwa wanawake walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo. Mazoea nayo hudumu: utafiti uliowafuatilia Wafini kwa miaka 21 tangu 1980 ulionyesha kwamba waliodumu katika mazoezi utotoni ndio walioelekea kuendelea nayo ukubwani. Mazoezi ya ukubwani hupunguza hatari ya shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri walio na umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Takwimu za 2016 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho.

Madhara

Goti ndilo linalodai deni mapema. Takriban nusu ya wanaokatika kano kuu ya ndani ya goti au kuchanika gegedu lake hupata goti lililosagika katika miaka 10 hadi 20 inayofuata. Binti aliyeumia akiwa na miaka 16 anaweza kupanda ngazi kwa maumivu kabla ya kufika 40.

Kichwa ndicho kinachotia hofu zaidi. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland alieleza ulemavu wa akili wa mabondia waliopigwa sana. Mwaka 2005 Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, alichapisha uchunguzi wa ubongo ulioharibika wa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, Mike Webster. Muhammad Ali, aliyeanza ndondi mjini Louisville mwaka 1954 akiwa na miaka 12 na kutwaa tena ubingwa wa dunia Kinshasa mwaka 1974, aligundulika na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984. Madaktari hawajaafikiana ni kwa kiasi gani ngumi zilichangia.

Utafiti wa Buffalo

Zamani kijana aliyepata mtikisiko wa ubongo aliambiwa alale chumbani gizani mpaka apone. John Leddy na Barry Willer wa Chuo Kikuu cha Buffalo walilipinga hilo. Kwa kipimo chao, mgonjwa hutembea juu ya mashine ya kukimbilia ambayo mwinuko wake huongezwa kila dakika, huku akihesabiwa mapigo ya moyo na kuulizwa anavyojisikia. Dalili zikizidi, mashine husimamishwa. Kisha hupewa mazoezi mepesi ya kila siku yaliyo chini ya kiwango cha mapigo kilichozidisha dalili. Katika jaribio la vijana 103 lililochapishwa 2019, waliofanya mazoezi hayo walipona kwa siku 13, na waliojinyoosha tu kwa siku 17, kwa kipimo cha kati.

Nafasi ya kucheza

Upande wa magharibi wa Buffalo umepokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo, Warundi na Wasomali, na watoto wao wanahitaji mahali pa kuchezea. Katika Lower West Side, kando ya Ziwa Erie, bustani ya zamani ya LaSalle imepewa jina la Ralph Wilson, mwanzilishi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Buffalo Bills, na kujengwa upya kwa msaada wa fedha za wakfu wake, ambao pia hugharimia michezo ya watoto. Uwanja ulio karibu na nyumbani ni huduma ya afya kama ilivyo zahanati.

Kinga

Mazoezi ya kupasha mwili yanayofundisha kuruka na kutua vizuri hupunguza majeraha ya goti. Mwaka 2015, Shirikisho la Soka la Marekani lilitangaza kuwakataza watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira wa kichwa. Sheria ya New York, iliyoanza kutumika 2012, inamzuia mwanafunzi aliyepata mtikisiko kurudi mchezoni mpaka apitishe saa 24 bila dalili na apate kibali cha daktari kwa maandishi.

Mtoto mwenye hamu ya kucheza huficha maumivu. Mzazi na kocha wamuulize, wamwamini, na wamtoe uwanjani siku hiyohiyo. Mechi zipo nyingi, ubongo ni mmoja.